Gari likinywa mafuta, usikimbilie kununua sensa

Ushauri wangu kwa mwenye gari anayelalamika kwamba petroli haikai ni huu: usinunue sensa yoyote, yaani kifaa kinachopima na kuipasha habari kompyuta ya gari, mpaka uone kwa macho yako namba zinazoonyesha kwamba imekufa. Nasoma kompyuta za magari hapa Malindi, na wateja wengi hunifikia wakiwa tayari wameshauziwa sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzosi, ambayo haikubadilisha kitu. Inaniuma, kwa sababu sensa halisi ni ghali, na ile ya bei rahisi mara nyingi haidumu.

Kwanza hakikisha kwamba gari linakula kweli. Mshale wa tangi hautoshi kuwa ushahidi. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, weka mita ya safari sifuri, nenda Mombasa urudi, kisha ujaze tena kwenye pampu ileile. Safari hiyo ni kama kilomita 240, zigawe kwa lita ulizoongeza. Kabla ya kumwita mtu wa kompyuta, pima upepo wa magurudumu, angalia eya klina (chujio la hewa), na uguse rimu baada ya safari: moja ikiwa ya moto kuliko nyenzake, breki inashika.

Hayo yakiwa sawa, sasa skana, yaani unganisha kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Hapa ndipo watu wengi hupotoshwa. Msimbo wa hitilafu P0172 ukitokea maana yake ni kwamba mafuta yamezidi hewa, na P0171 ni kinyume chake. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaosema sensa ya oksijeni ni mbovu. Sensa ni shahidi tu, imeripoti ilichokiona, na kumtoa shahidi hakumalizi kesi. Mwambie fundi akuonyeshe namba zinazobadilika injini ikiwa inanguruma, si orodha ya misimbo peke yake.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji hata kuwasha injini. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, fungua swichi bila kupiga stata, usome joto la maji na joto la hewa inayoingia. Zote mbili zinapaswa kukaribiana, na kukaribiana na joto la nje. Malindi asubuhi utaona 26 au 28 hivi. Hewa ikisoma 27 na maji yakasoma 5, sensa ya maji inadanganya: inaiambia kompyuta kwamba injini ina baridi kali, nayo inamwaga mafuta zaidi. Ikisoma -40, mara nyingi waya umekatika au soketi imechomoka. Sensa ya joto la maji kwa kawaida ni rahisi kuliko ya oksijeni, lakini ndiyo inayosahauliwa.

Halafu kuna jambo la thamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na hili nalisema kwa uchungu. Mama mmoja anayepeleka bidhaa Kilifi aliniletea Toyota Fielder yake akasema, "Fundi, gari hili lanimaliza." Sensa ya oksijeni ilikuwa mpya. Tukiwa tumesimama uani, maji yalisoma 84, safi kabisa. Nikamwomba tutoke nalo. Tulipofika barabara iliyonyooka kuelekea Gede, upepo ukipiga rejeta, namba ikaanza kushuka: 78, 71, 66. Tuliporudi nikafungua nyumba ya thamostati. Ilikuwa tupu. Kuna fundi aliyeitoa kwa sababu gari lilikuwa likichemsha, na lilichemsha kwa sababu rejeta ilikuwa imeziba kwa maji ya kisima, ambayo huku pwani mara nyingi yana chumvi. Nikamwambia, "Mama, sensa zako zote zasema kweli. Injini yako haipati joto." Tulisafisha rejeta, tukaweka thamostati mpya na kulanti (dawa ya kupozea injini) badala ya maji matupu. Anayekwambia kwamba nchi ya joto haihitaji thamostati, usimpe gari lako.

Namba nyingine ya kuomba ni marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, ambayo kwenye skana huandikwa LTFT: ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Ikiwa kati ya -10 na +10 asilimia, usihangaike nayo. Ikiwa chini sana, kompyuta inapunguza mafuta yaliyozidi: shuku injekta (kinyunyizio cha mafuta) inayovuja au sensa ya kiasi cha hewa inayosoma juu. Ikiwa juu sana, angalia pia bomba la ekzosi kati ya injini na sensa ya kwanza ya oksijeni. Kutu hula mabomba haraka kwetu, na ufa mdogo pale hufyonza hewa ya nje. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni haba, inaongeza. Hapo wa kumtafuta ni mchomeleaji.

Kuhusu sensa ya oksijeni yenyewe, ile ya kawaida iliyo mbele huchezacheza kati ya volti 0.1 na 0.9 injini ikiwa ya moto. Lakini Toyota nyingi za miaka ya karibuni zina aina nyingine mbele, inayopima uwiano wa hewa na mafuta, na hiyo haichezi hivyo. Nimewasikia mafundi wakiihukumu kwamba imekufa kwa sababu tu imetulia. Kanyaga mafuta ghafla kisha uachie. Ikijibu, i hai.

Kwa sisi tunaolaza magari karibu na bahari, kagua soketi kabla ya sensa. Ichomoe, utazame pini kwa tochi. Ukiona unga wa kijani, hiyo ni kutu ya shaba, na umeme mdogo wa sensa haupiti sawasawa. Pulizia dawa ya kusafishia soketi, sugua taratibu kwa mswaki mkavu, acha ikauke ndipo urudishe. Waya wa athi unaofungwa kwenye bodi nao ufungue, uukwangue, uukaze upya.

Ukimaliza matengenezo, futa misimbo, uliendeshe gari siku kadhaa ili kompyuta ijifunze upya, kisha jaza tangi kwenye pampu ileile na upige hesabu tena. Fundi asimalizie kulipwa kabla ya hesabu hiyo, na mpatane hivyo mapema, kabla hajagusa spana.