Pawa saplai usiibanie

Mdogo wangu, umeuliza kama prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya picha ya RTX 3060 za kompyuta unayounda zitaenda na ile RAM ya DDR5 uliyoiona dukani hapo Moshi mjini. Iache, bodi ya AM4, inayokaa prosesa hiyo, inapokea RAM aina ya DDR4 tu. Chukua vipande viwili vya GB 8, siyo kimoja cha 16, gemu zitakimbia vizuri zaidi. Ila kinachonitia wasiwasi ni hiyo pawa saplai, yaani kile kiboksi cha kulisha kompyuta umeme, unayoitaka ya bei ya kutupa. Kadi peke yake inakula wati 170. Tafuta ya wati 550, ya kueleweka. Mimi niliibania. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi nikasikia "pah!", harufu ya plastiki chumba kizima, na bodi ikaondoka nayo. Halafu waya wa skrini chomeka kwenye kadi, prosesa hiyo haitoi picha.