Maswali na Majibu: Nikon DL, Kamera Tatu Zilizoishia Njiani

Juma lililopita nilijibu kwa mistari miwili swali la msomaji wa Ujiji kuhusu kamera za Nikon DL, nikidhani jambo limekwisha. Kumbe nililichokoza. Leo narudia swali lake kwa kirefu, kisha nayajibu ya wengine waliofuata.

Fundi, nilikuta tangazo la Nikon DL24-500 katika gazeti la zamani la kamera lililoachwa na mgeni. Nimeulizia Kigoma mjini na kumwagiza ndugu yangu Kariakoo, bila mafanikio. Inapatikana wapi? (Msomaji, Ujiji)

Haipatikani popote, ndugu yangu, na huyo wa Kariakoo umpumzishe. Nikon ilitangaza kamera tatu za jina hilo mwezi Februari 2016: DL18-50, DL24-85 na DL24-500. Bei zake za Marekani, kwa mpangilio huo, zilikuwa dola 849.95, 649.95 na 999.95. Zilitarajiwa kufika madukani Juni mwaka huohuo, zikaahirishwa, na tarehe 13 Februari 2017 kampuni ikatangaza kwamba imezifuta zote kabla ya kuuza hata moja.

Tarakimu za jina ndizo zilizowatia watu hamu, kwa kuwa zinaonyesha upana na urefu wa lenzi kwa kipimo cha filamu ya milimita 35: ya kwanza ilianza kwa upana mkubwa wa milimita 18, na ya tatu ilivuta hadi 500. Zote tatu zilikuwa na kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu, cha inchi moja chenye megapikseli 20.8. Jina hilo la inchi moja lisikudanganye, kwani kihisi chenyewe kina milimita 13.2 kwa 8.8 tu, hata hivyo eneo lake ni takriban mara nne ya lile la vihisi vya kamera ndogo za kawaida, na tofauti hiyo huonekana mara tu jua linapozama ziwani na watu bado wanataka kupigwa picha.

Nilisikia kwamba tetemeko la ardhi la Japani ndilo lililoziua. Ni kweli? (Msomaji, Kasulu)

Tetemeko lilikuwapo. Mwezi Aprili 2016 eneo la Kumamoto lilitikiswa vibaya, na kiwanda cha Sony kinachotengeneza vihisi kikasimama, jambo lililowachelewesha watengenezaji kamera kadhaa. Lakini tamko la Nikon la kufuta kamera hizi lilitaja mambo mengine: hitilafu katika saketi ya kuchakata picha, yaani kile kipande kinachogeuza mwanga uliopokelewa kuwa picha kamili, gharama za kuzibuni zilizopanda, na mauzo yaliyotarajiwa kupungua kwa sababu soko limepoa.

Hilo la soko halikuwa kisingizio. Mwaka 2010 kampuni za Japani zilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, lakini mwaka 2016 zilikuwa takriban milioni 24 tu, na waliokimbia zaidi ni wanunuzi wa kamera ndogo, ambao simu iliwatosha. Siku ileile ya kufuta DL, Nikon ilieleza pia kwamba wafanyakazi 1,143 wamekubali kustaafu kwa hiari, na huo ulikuwa mwaka wa kampuni kutimiza miaka 100. Nyumba inapopunguza watu wake, ni vigumu kuitaka iendelee kugharimia chombo kisichotengemaa. Ninachowalaumu ni kutangaza bei na mwezi wa kuuza wakati saketi yenyewe haijawa tayari. Kama wangelitangaza baada ya kuitengeneza, leo kusingekuwa na barua hizi.

Ninawaongoza wageni Gombe. Je, DL24-500 ingenifaa, na sasa nichukue nini badala yake? (Msomaji, Mwanga)

Ingekufaa kwa uzito kuliko kwa mwanga. Gombe hufikiwa kwa boti, na ukishateremka ufukweni kazi yote ni ya miguu, kupanda na kushuka mabonde, kwa hiyo kamera moja inayovuta kutoka 24 hadi 500 bila kubadilisha lenzi ni nafuu kubwa mgongoni. Hata hivyo, ilipovutwa hadi mwisho tundu la lenzi yake lilikuwa f/5.6 (namba hiyo ikikua, tundu huwa dogo na mwanga hupungua), na chini ya miti, mahali ambapo sokwe hupenda kukaa na flashi haifai kutumika, hapo ni kiza. Sony RX10 III, iliyotangazwa mwaka huohuo wa 2016, inavuta hadi 600 na kubaki f/4, maana yake inapokea mwanga mara mbili ya ule. Adhabu yake ni uzito unaozidi kilo moja, na bei iliyoanzia dola 1,500. Kama mfuko haujaruhusu, tafuta Panasonic FZ1000 ya mwaka 2014 iliyotumika; inaishia 400, nayo kwa f/4. Kwa maneno mengine, kwako wewe kufutwa kwa DL24-500 hakukuwa msiba. Waliofiwa kweli ni wa swali linalofuata.

Ninapiga picha za harusi, na kazi nyingi ni ndani ya vyumba vidogo ambamo siwezi kurudi nyuma. Mbona hakuna kamera ndogo yenye lenzi pana ya kweli? (Msomaji, Ujiji)

Umegusa penyewe. DL24-85 ilikuja kwenye mkeka uliokwishajaa, kwani Sony ilikuwa na RX100 tangu 2012, na Canon ikafuata na G7 X mwaka 2014. Lakini DL18-50 haikuwa na mwenzake. Lenzi ya 24 huona nyuzi 84 hivi kutoka kona hadi kona, ile ya 18 huona nyuzi 100, na katika chumba ambamo bibi harusi amezungukwa na mashangazi, huku mgongo wako umeshagusa kabati, nyuzi hizo 16 ndizo zinazoamua ni shangazi gani atakayekatwa na nani atakayenuna.

Ilichukua zaidi ya miaka sita tangu Nikon ijitoe ndipo kampuni nyingine ilipoleta upana huohuo katika kamera ya kihisi cha inchi moja. Mwaka 2023 Sony ilitoa ZV-1 II, ambayo lenzi yake ni 18 hadi 50, tarakimu zilezile. Imetengenezwa hasa kwa wanaojirekodi video: haina tundu la kuchungulia wala flashi yake yenyewe, na ukivuta hadi 50 inashuka hadi f/4, wakati DL iliahidi f/2.8. Kwa kazi yako itakubidi ubebe taa. Ningeinunua hivyohivyo.

Kuna mtu mtandaoni ananiuzia Nikon DL24-85 mpya, boksi halijafunguliwa, kwa shilingi laki tisa. Nitume pesa? (Msomaji, Tabora)

Usitume hata nauli ya kuisafirisha.