Nyaya nyembamba za kasha haziunguzi madabodi

Ndugu wa Kayole, nimesoma swali lako na nitalijibu kwa kirefu, maana wengi hukwama papo hapo. Umenunua vifaa vya kuunda kompyuta Luthuli Avenue, Nairobi, umefunga prosesa, ramu na pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme) mwenyewe, na sasa umebaki na kile kishada cha nyaya nyembamba zinazotoka mbele ya kasha: POWER SW (kitufe cha kuwasha), RESET SW (kitufe cha riseti, cha kuanzisha upya), HDD LED (taa ya diski), POWER LED+ na POWER LED- (taa ya kuwaka). Madabodi, yaani bodi kuu, uliuziwa bila kijitabu, fundi wa mjini anaitisha pesa nyingi, nawe unaogopa kwamba ukikosea pini moja utaunguza mtambo mzima.

Usimlipe mtu kwa kazi hii. Ukigeuza taa, haitawaka. Ukiweka swichi kwenye pini zisizo zake, mashine haitaitika. Unachomoa, unapanga upya, na hakuna kilichoharibika. Naunda na kutengeneza kompyuta hapa jijini, na madabodi ninazoletewa zikiwa zimeumizwa wakati wa kufunga kasha huwa zimeumia kwenye plagi pana ya USB. Hofu yako yote umeiweka kwenye zile pini tisa zinazopokea nyaya hizi, na hapo ndipo pasipo na hatari.

Ukielewa kitufe kinafanya nini, woga utapungua. Kitufe cha kompyuta hakikati stima wala hakipitishi. Ukichomeka waya ukutani na kuwasha, pawa saplai huanza kuipa madabodi volti 5 za kusubiri hata kabla hujabonyeza chochote. Kitufe ni kama kengele ya geti: anayefungua ni askari aliye ndani. Ukibonyeza, pini mbili zinagusana kwa muda mfupi, madabodi inaona, kisha yenyewe inaiamsha pawa saplai kupitia waya mmoja wa ile plagi kubwa ya pini 24, ambao kwenye pawa saplai nyingi ni wa kijani. Ndiyo maana POWER SW haina chanya wala hasi. Igeuze utakavyo, itafanya kazi, na RESET SW vilevile. Zenye upande ni taa tu.

Sasa pini zenyewe. Tafuta ukingo wa chini wa madabodi, aghalabu kona ya kulia, maandishi F_PANEL, au JFP1 kama ni ya kampuni ya MSI, au PANEL1 kama ni ya ASRock. Utaona safu mbili: moja ina pini tano, nyingine ina nne na pengo mwishoni. Hilo pengo ndilo dira yako. Anza kuhesabu kutoka upande ulio mbali nalo. Kwenye safu yenye pengo, pini mbili za kwanza ni za POWER LED, chanya kisha hasi, na mbili zinazofuata ni za POWER SW. Kwenye safu ya pini tano, mbili za kwanza ni HDD LED, chanya kisha hasi, mbili zinazofuata ni RESET SW, na ya mwisho haina kazi, iache. Mpangilio huu umeenea sana kwenye madabodi zinazouzwa dukani. Ukiona safu ndefu zenye pini zinazokaribia ishirini, hapo usikisie: soma namba ya modeli iliyochapwa katikati ya madabodi, kisha pakua kijitabu chake kwenye tovuti ya kampuni. Ni bure.

Kutambua chanya ya taa, angalia waya. Wenye rangi huwa chanya, mweupe au mweusi huwa hasi, na plagi nyingine zina kipembetatu kidogo upande wa chanya. POWER LED yako imekuja ikiwa vipande viwili, na hiyo ni bahati, kwani itaingia popote. Makasha ya zamani yana plagi ya matundu matatu, la katikati tupu, na haikai kwenye pini mbili zinazofuatana. Ukikutana nayo, inua kile kiulimi cha plastiki kwa ncha ya sindano, vuta waya wa pembeni utoke na kichuma chake, usukume kwenye tundu la katikati mpaka usikie umenasa.

Fanya kazi hii kabla ya kuweka kadi ya michoro, kwa sababu kadi ndefu hukuzibia kona yote. Zima ukutani, chomoa waya, subiri kidogo chaji iliyobaki iishe. Laza kasha ubavuni, washa tochi ya simu, shika plagi kwa kibano cha nyusi. Vidole vya mtu mzima havitoshi pale chini.

Kabla ya kuzisumbukia nyaya, kuna jaribio ninalolifanya kwa kila mashine. Acha pini zote tisa wazi, washa ukutani, kisha gusanisha zile pini mbili za POWER SW kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu, na uachie. Hakikisha ncha haigusi pini nyingine. Feni zikizunguka, madabodi na pawa saplai zinaitika, na mashine ikikataa kuwaka kwa kitufe baadaye, tatizo liko kwenye kitufe au waya wake. Kuna dada wa Pangani aliyeniletea mashine akiwa ameambiwa anunue madabodi nyingine, kwa vile ilikuwa ikiwaka na kuzima yenyewe baada ya sekunde kama nne. Nilichomoa POWER SW, nikagusa kwa bisibisi, ikawaka na kutulia. Kitufe cha kasha kilikuwa kimekwama ndani, na kitufe kikishikiliwa sekunde nne, madabodi hulazimika kuzima, ndivyo ilivyoundwa. Nilichukua plagi ya RESET SW nikaiweka kwenye pini za POWER SW. Tangu siku hiyo anawashia kitufe kidogo cha riseti, na hakununua kitu.

Uangalifu wako sasa uupeleke kwenye ile plagi nene ya bluu au nyeusi ya USB 3.0. Ina pini 19, na upande mmoja una kijiti kinachoingia kwenye mkato wa soketi. Ukiisukuma ikiwa imeinama, pini zinapinda chini ya plagi usizione, na kuzinyoosha ni kazi ya subira ambayo mara nyingine huishia pini kukatika. Ilinganishe kwa macho, ishuke wima, ibonyeze kwa nguvu iliyo sawa pande zote mbili. Wakati wa kuitoa, usivute waya, na usiitikise huku na huku, kwani kuna soketi zilizong'oka nzima na plagi yake.

Plagi za USB 2.0 na za sauti zinafanana kwa umbo. Ya sauti, inayoandikwa HD AUDIO, haina pini ya nane. Ya USB haina ya tisa, iliyo kwenye kona. Ikikataa kuingia, haitaki pale. Usilazimishe, maana pini za USB zinabeba volti 5.

Kama kasha lako lina feni za taa za rangi, chunga hili kuliko yote: plagi za taa zenye matundu manne yote ni za volti 12, zenye pini tatu ni za volti 5. Taa za volti 5 zikipewa 12 zinakufa papo hapo. Feni ya prosesa iende kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN, la sivyo madabodi nyingi zitalalamika kila unapowasha.

Na yule ndugu aliyeuliza chini yako kama anaweza kuhamisha madabodi ya Dell OptiPlex ya mtumba kwenye kasha jipya la vioo: haya yote hayamhusu. Dell na HP za ofisini huwa na plagi zao wenyewe za kitufe, modeli nyingi hata pawa saplai yake si ya pini 24, na baadhi zikikosa kebo ya mbele ya kasha husimama na kudai ubonyeze F1 kila zinapowaka. Kwake yeye, pesa ya kasha ni afadhali ainunulie ramu, na mashine ibaki kwenye kasha lake.