Ukitaka kuishi kwa hoki ya barafuni, anza kwa kuaminika

Nilicheza hoki ya barafuni kwa malipo kwa misimu tisa, yote katika ligi za chini ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Kuna wenzangu wa utotoni waliokuwa wakifunga kwa mwaka mmoja mabao mengi kuliko niliyofunga mimi katika misimu yote hiyo. Wao hawakupata mkataba. Mimi nilipata, nikaongezewa, nikaongezewa tena. Kijana akiniuliza afanyeje, huwa naanzia hapo, maana wengi wanahangaika na kazi ambayo hakuna atakayewalipa waifanye.

Timu huingia mechini na wachezaji 20: makipa wawili na wengine 18, kwa kawaida washambuliaji 12 na mabeki 6. Washambuliaji hupangwa katika safu nne za watu watatu watatu. Safu mbili za juu ni za wafungaji, na ukifika ngazi ya kulipwa utakuta kila aliyekaa chumba cha kubadilishia nguo aliwahi kuwa mfungaji bora alikotoka. Usipokuwa na kipaji cha ajabu, kazi iliyobaki ni ya safu ya tatu na ya nne. Kazi yenyewe ni kuziba shuti kwa mwili wakati mwenzako yuko kwenye kibanda cha adhabu na mko pungufu, kuichomoa paki, kile kisahani cha mpira tunachokigombania, kwenye ukuta unaozunguka uwanja huku umebanwa na mtu mwenye kilo 100, na kutoka uwanjani kwa wakati.

Hilo la kutoka kwa wakati nataka nilikazie. Zamu moja barafuni ni kama sekunde 45. Unakimbia kwa nguvu zako zote, mapaja yanawaka, unarudi benchi, mwingine anaruka ukuta. Kijana mwenye kiu ya bao hubaki sekunde 20 zaidi akiwinda nafasi moja. Katika kipindi cha pili timu hubadilishana lango, kwa hiyo benchi lenu linakuwa mbali na lango mnalolilinda. Ukinaswa huko nyuma umechoka, huwezi kutoka, na bao mtakalofungwa ni lako hata kama hukuigusa paki. Kocha husamehe shuti lililopaa juu ya lango. Zamu ndefu hawezi kuisahau. Kocha wangu wa kwanza wa kulipwa alinipa zamu nne tu mechi nzima, zote fupi, zote safi, na wiki iliyofuata akanipa kumi.

Kuhusu drafti, ile siku timu za NHL zinapochagua vijana kwa zamu, nitasema kidogo. Ni raundi saba kila mwaka, na ukipita bila kuitwa jina unahisi umeshazikwa. Mimi sikuitwa. Martin St. Louis naye hakuitwa, kwa kuwa alionekana mfupi mno, na mwaka 2004 alitwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, akiwa na Tampa Bay Lightning na tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi NHL. Simtaji ili ujione wewe ni yeye. Nasema tu kwamba baada ya drafti bado kuna mlango, na watu huuingia wakiwa na miaka 22 au 24. Kwa hiyo usiache masomo. Tangu mwaka 2025, waliocheza ligi kuu za vijana za Kanada wanaruhusiwa pia kucheza hoki ya vyuo vya Marekani, kitu ambacho kizazi chetu tulinyimwa. Kama una nafasi hiyo, itumie.

Ukipewa mkataba, soma uone kama ni wa mishahara miwili: kiasi fulani ukicheza ligi ya juu, kiasi kidogo zaidi wakikushusha. Mimi nilikuwa nikipandishwa kutoka ECHL, ligi ya ngazi ya tatu, kwenda AHL, iliyo ngazi moja chini ya NHL, kwa simu ya usiku na ndege ya alfajiri, nikicheza mechi tatu, kisha narudishwa. Panga maisha yako kwa ule mshahara mdogo. Niliwahi kukodi nyumba kwa hesabu ya mshahara mkubwa, na nilipata shida kuilipa hadi msimu ulipoisha.

Sasa jambo lililonifanya niandike haya.

Msimu wangu wa tano nilipigwa kichwani kwa bega karibu na ukuta. Sikuanguka. Usiku ule taa ya chumbani ilinichoma macho, na asubuhi nilisahau nimeweka wapi viatu vilivyokuwa mbele yangu. Daktari wa timu aliponiuliza, nikasema niko sawa. Nilikuwa nimejenga jina la mtu wa kuaminika kwa miaka minne, na niliona kulala kitandani ni kulibomoa. Nikacheza siku 11 hivyo hivyo. Pigo la pili lilikuwa dogo, la kawaida kabisa, na ndilo lililonitoa msimu mzima. Miezi mitatu sikuweza kusoma ukurasa mmoja hadi mwisho.

Kocha alikuja kunitembelea. Hakunigombeza. Aliniambia alikuwa ameona kwenye video kwamba nachelewa kutoka zamu, mechi baada ya mechi, na akadhani nimeanza uvivu. Mimi nilidhani nalinda ule uaminifu, kumbe ndio uliokuwa ukivuja, na timu ilikuwa ikifungwa kwa sababu yangu.

Sidney Crosby, akiwa mchezaji bora duniani, alikaa nje tangu Januari 2011 hadi Novemba kwa jeraha la kichwa, akarudi, dalili zikarejea, akatoka tena hadi Machi 2012. Baadaye alitwaa Kombe la Stanley mwaka 2016 na 2017. Kama yeye aliweza kusubiri, mchezaji wa safu ya nne anaweza kusubiri.

Kwa hiyo, kabla msimu haujaanza, ukiwa mzima, fanya kipimo cha kumbukumbu na cha kusimama bila kuyumba ili daktari awe na cha kulinganisha ukija kuumia. Kisha mchague mtu mmoja, mwenzako wa chumba au mke wako, umpe ruhusa ya kumwambia daktari akiona umebadilika, hata kama wewe unakataa. Mwambie mapema, kabla hujapigwa. Siku ile mimi nilipokuwa natafuta viatu, mwenzangu wa chumba alikuwa amekaa kitanda cha pili akinitazama, na baadaye aliniambia hakujua kama alikuwa na haki ya kusema.