Maswali na Majibu: Jioni ya Makumbusho, Ujiji

Vijana kadhaa wa Ujiji, Kigoma, wanafikiria kuomba Makumbusho ya Dk. Livingstone yafunguliwe jioni moja kwa ajili ya wenyeji, baada ya saa za kazi. Tangu habari hiyo ienee, wasomaji wameniuliza mengi. Nimechagua haya.

Makumbusho usiku? Hiyo ni disko au darasa? (Msomaji, Mwanga)

Si disko wala darasa. Berlin walianza usiku mrefu wa makumbusho mwaka 1997, na tangu 2005 miji mingi ya Ulaya hufungua milango usiku mmoja wa mwezi Mei, karibu na Mei 18, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho. Sababu yake inatuhusu hata sisi: mama anayeuza dagaa Kibirizi au fundi wa gereji hapati nafasi mchana. Ngoma inaweza kupigwa, lakini kikubwa ni watu kutembea bila haraka, kuuliza, kisha kukaa na kuzungumza.

Tuanze saa ngapi? (Mmoja wa waandaaji)

Saa kumi na moja na nusu. Msichukue ratiba ya Dar es Salaam, maana huku kwetu jua huzama karibu saa moja, zaidi ya nusu saa baada ya kuzama kule. Anzeni nje, kwenye miembe na mnara wa kumbukumbu, wakati bado kuna mwanga. Adhana ya Magharibi ikisikika, simamisheni shughuli watu wakaswali. Ndani mtaingia baadaye.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Kila nikienda pale naona sanamu za Livingstone na Stanley wanavuliana kofia. Sisi tuko wapi? (Msomaji, Ujiji)

Ndugu yangu, swali hili ndilo linalonifanya nitamani sana jioni hiyo ifanyike.

Sanamu zile zinaonyesha dakika chache tu za mwaka 1871, mwandishi wa habari Stanley alipomkuta hapa Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti. Hata katika masimulizi ya Stanley mwenyewe, kabla hajamwona Livingstone alisalimiwa kwa Kiingereza na mtu mweusi katikati ya umati. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na ndiye aliyekimbia kupeleka habari kwamba mgeni amefika. Livingstone alipofariki Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, Susi na mtumishi mwenzake Chuma, pamoja na wenzao, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Aprili mwaka huo ukazikwa London. Safari ile ya miezi mingi ina uzito kuliko salamu ya kofia, na inastahili nusu saa nzima ya jioni yenu.

Halafu kuna wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu na vitambaa kati ya Ziwa Tanganyika na pwani. Na kuna waliopitishwa hapa wamefungwa minyororo, wengine wakitoka ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia hiyo, Ujiji na Kwihara ya Tabora zikiwemo, katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Mwombeni mwongozaji aanze na watu hawa, Stanley aje baadaye. Ila semeni kwa staha. Kwenye hadhira moja anaweza kuwepo mjukuu wa aliyeuzwa na mjukuu wa aliyeuza.

Watoto waje? (Mama wa watatu, Gungu)

Waje, mama. Wapeni kazi ya kutafuta kitu kimoja kila mmoja, na wasikae zaidi ya saa moja na nusu.

Tunaweza kuleta migebuka na taa kubwa za sherehe? (Msomaji, Katubuka)

Migebuka, samaki wetu wa ziwani, ndiyo, lakini nje. Mafuta ya mawese yakidondoka ndani yataita sisimizi na mende, na mende hula karatasi. Taa za sherehe, hapana. Karatasi na nguo za kale huwekwa katika mwanga hafifu, takriban lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), kwa sababu rangi iliyopauka hairudi tena. Taa kali inayowaka jioni nzima hudhuru kuliko picha chache za simu. Hata hivyo, zimeni mweko (flashi) wa simu, na mwulizeni mhifadhi kabla ya kupiga.

Babu yangu anajua mengi ya Ujiji ya zamani, ila hajawahi kuhutubia watu. Aje? (Mjukuu, Kasingirima)

Aje, tena awekewe kiti chenye egemeo karibu na watu, bila jukwaa. Asipewe mada. Kijana mmoja anayemfahamu aanze kwa kumwuliza soko lilikuwa wapi na mitumbwi ilitia nanga wapi, mengine yatafuata. Mwulizeni kabla kama anaridhia kurekodiwa, kisha nakala moja ibaki kwa familia na nyingine makumbusho. Bajaji imfuate mapema, imrudishe nyumbani kabla ya saa tatu.