Programu ya simu imesema baba ana Parkinson: tuiamini?

Swali: Baba yangu ana miaka 66. Alipakua programu inayomtaka aseme "aaa" mpaka pumzi imwishie. Ikamjibu kuwa ana dalili za ugonjwa wa Parkinson kwa asilimia 87. Tangu siku hiyo hana raha. Kweli akili mnemba inaweza kutambua ugonjwa kwa kusikiliza sauti tu?

Jibu: Pole sana wewe na mzee. Namba hiyo msiichukue kuwa ni matokeo ya daktari, ingawa wazo lenyewe lina msingi.

Mtu anaposhikilia "aaa", nyuzi zake za sauti hutetema mara mia na zaidi kwa sekunde, na hakuna ambaye zake hutetema sawasawa kabisa. Parkinson huvuruga jinsi ubongo unavyoongoza misuli, ya koo na ya kifua ikiwemo. Kuyumba kule huzidi, sauti hufifia, na maneno hutoka kwa mlio mmoja usiopanda wala kushuka. Programu hupima mabadiliko hayo, kisha huyalinganisha na ya watu ambao sauti zao zilitumika kuifundisha.

Watu hao ndio wanaonipa wasiwasi. Kuna mkusanyo wa data unaotumiwa mno na watafiti wa Parkinson: rekodi 195, lakini za watu 31 tu, 23 kati yao wagonjwa. Ukizigawa ovyo, baadhi za kufundishia programu na baadhi za kuipima, rekodi za mtu yuleyule zitaingia kwenye mafunzo na kwenye mtihani pia. Modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa data hiyo, itamtambua mtu badala ya ugonjwa, na alama zitakuwa za kupendeza mno. Hata data ikiwa nyingi, mtego upo. Watafiti Uingereza walikusanya sauti na vikohozi vya watu zaidi ya 67,000 ili kuona kama modeli inaweza kutambua UVIKO-19 kwa sauti. Mwanzoni modeli ilionekana hodari. Walipolinganisha watu wanaofanana kwa umri, jinsia na dalili, uhodari ule uliporomoka. Haikuonekana kuwa na faida kuliko kumuuliza mtu anajisikiaje. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024, na natamani kila anayeuza programu za namna hii angeyasoma.

Sasa hesabu. Chukua watu 1,000 ambao 10 kati yao ni wagonjwa, na programu inayopatia mara 9 katika 10, kwa wagonjwa na wazima vilevile. Itawanasa wagonjwa 9. Lakini kati ya wazima 990, itawatia hofu 99. Walioambiwa "unaumwa" ni 108, wagonjwa kweli ni 9. Kwa hiyo asilimia 87 ya kwenye simu haisemi kwamba baba ana nafasi 87 katika 100 ya kuugua. Na bado sijataja mafua, uchovu, sigara, au simu yenyewe inayochuja kelele na kuibadili sauti.

Mwangalieni mzee mwenyewe. Je, mkono hutetemeka ukiwa umetulia? Mwendo umekuwa wa polepole? Mwandiko umekuwa mdogo kuliko zamani? Mkiona lolote kati ya hayo, nendeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu, atampima kwa kumchunguza mwili na kumsikiliza. Kama ni sauti pekee iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki 3, aanzie kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu ukwaruzo wa namna hiyo una visababishi vingine ambavyo havifai kusubiri.