Re: Kichanja cha pasheni kinalala kila masika

Habari mkuu. Umesema kichanja chako cha pasheni hapo getini kinalala kila masika, unadhani ni upepo, na mirunda umeshabadilisha mara mbili. Kabla hujanunua mingine fukua mmoja uangalie chini, kama umeliwa na mchwa au umeoza pale usawa wa udongo basi upepo unasingiziwa tu. Yangu ilikuwa hivyohivyo, juu mizima chini unga mtupu.

Mi nikahamia bomba za chuma inchi 2, futi 8, futi 2 zimezama kwenye zege, na zege nikalipandisha kidogo juu ya udongo maji yasituame. Halafu nguzo za mwisho lazima uzivute kwa waya wa mshazari mpaka kwenye kigingi, hapo ndo wengi tunakosea, pasheni ikishajaa majani ikalowa mvua uzito wake si mchezo.

Kufungia tumia katani au vipande vya kanga kuukuu, fundo legelege, maana waya unakata shina. Ukishavuna punguza matawi.

Ukitaka na urembo pinda nondo ya milimita 12 iwe tao, piga rangi ya kuzuia kutu. Bogenvilia ndo sijawahi kupandisha, miiba ile naiogopa.